Kujifunza kuchora sura kwa rangi za mafuta: kunakili "Msichana mwenye hereni ya lulu" hatua kwa hatua

Mtu aliyeketi mbele yako ili umchore hutikisa kichwa, huchoka, hutabasamu bila kuombwa. Jua nalo huhama na kivuli cha pua kinarefuka. Picha iliyokwisha kuchorwa haiendi popote, na maswali magumu yote yamekwisha jibiwa ndani yake: mwanga umetoka wapi, kivuli kimeishia wapi, ukingo upi umekatwa na upi umeyeyushwa. Anayenakili huyasoma majibu hayo kwa brashi, moja baada ya jingine. Louvre, jumba la makumbusho la Paris, imekuwa ikiwapokea wachoraji wanaonakili tangu ilipofunguliwa mwaka 1793, kwa masharti mawili ambayo nawe uyashike nyumbani: nakala isilingane ukubwa na picha asilia, na sahihi ya mchoraji isinakiliwe.

Picha tutakayoifuata ni ya mchoraji wa Uholanzi Johannes Vermeer, iliyochorwa karibu mwaka 1665 na sasa iko katika makumbusho ya Mauritshuis, Den Haag, Uholanzi. Ina urefu wa sentimita 44.5 na upana wa sentimita 39. Inamfaa anayeanza kwa sababu mwanga ni mmoja, unatoka kushoto kwako. Maumbo ni machache. Na nywele, ambazo humlia mwanafunzi wiki nzima, zimefichwa na kilemba. Ugumu wake ni ngozi: laini, karibu haina mstari hata mmoja, na kosa la milimita mbili kwenye jicho linaonekana kutoka upande wa pili wa chumba.

Neno moja litarudi mara nyingi humu: toni, yaani kiasi cha mwanga au giza cha rangi, bila kujali kama ni nyekundu au buluu. Sura hufanana na mwenyewe kwa umbo na toni. Rangi ikipotoka kidogo macho husamehe. Toni ikipotoka, shavu linabonyea au pua inalala. Ndiyo maana rangi kamili tutaigusa tukiwa tayari na nusu ya kazi.

Tenga wiki sita. Saa za kazi yenyewe ni chache kuliko hizo, ila rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji. Hukauka kwa kufyonza oksijeni, na haiharakishwi.

Vifaa

Majina ya rangi hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, kwa hiyo nunua kwa namba ya rangi iliyoandikwa kwenye tyubu. Nyeupe ya titani ni PW6, oka ya manjano PY43, amba mbichi (hudhurungi) PBr7, siena iliyochomwa nayo ni PBr7 (namba moja, udongo tofauti, soma na jina), nyekundu ya kadimiamu PR108, altramarini (buluu) PB29, nyeusi ya pembe PBk9, manjano ya kadimiamu PY35. Ongeza nyekundu moja angavu yenye kupitisha mwanga, kwa mfano alizarini iliyoandikwa "ya kudumu". Ile ya zamani, PR83, hupauka. Ukitaka kurudisha kijani cha usuli (sehemu ya nyuma ya picha, tutakieleza mbele), nunua pia manjano angavu PY150. Vermeer alitumia nyeupe ya risasi, ambayo ni sumu. Titani inatosha, lakini ina nguvu zaidi na ni baridi zaidi (yaani inaelekea buluu; rangi yenye joto huelekea manjano na nyekundu), kwa hiyo mkono uwe mwepesi nayo.

Brashi: tatu za nywele ngumu, bapa zenye ncha ya mviringo, namba 4, 6 na 8, tatu laini za ncha kali, namba 0, 2 na 4, na moja pana, laini sana, ambayo haitaguswa na rangi mbichi ila kwa kulainisha tu. Kisu cha kuchanganyia rangi, paleti ya kijivu (paleti nyeupe hudanganya, kila rangi juu yake huonekana nyeusi kuliko ilivyo), mafuta ya kitani ya wachoraji, na spiriti ya madini isiyo na harufu. Usichukue mafuta ya kitani ya kupakia mbao, yanageuka manjano haraka. Wala thina ya magari, mvuke wake ni mkali mno kwa mtu anayekaa nao saa tatu.

Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani hujipasha moto yenyewe yakikunjwa na kurundikwa, na yanaweza kuwaka bila kiberiti. Yatandaze yakauke nje, au yatie kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko. Fanya hivyo kila siku unapomaliza kazi.

Picha ya kufuatia na kanvasi

Pakua picha kutoka tovuti ya Mauritshuis wenyewe. Nakala zinazozagaa mitandaoni nyingi zimekolezwa au zimetiwa unjano. Ichapishe kwenye karatasi isiyong'aa kwa ukubwa wa sentimita 40 kwa 35. Uwiano wa 40 kwa 35 unakaribiana sana na wa picha asilia, hata usilazimike kukata kitu, na nakala yako itakuwa ndogo kwa sehemu ya kumi hivi. Simu au kompyuta itumie kukuza macho na mdomo tu. Kioo chake hutoa mwanga, kwa hiyo nyeupe yake ni kali kuliko rangi yoyote utakayoichanganya, na ukikifuata utaongeza nyeupe mpaka tyubu iishe.

Kanvasi iwe na ufumaji mwembamba, 40 kwa 35. Ufumaji mnene huvunja mstari wa kope. Paka jeso, rangi nyeupe ya kutayarishia kanvasi, mara mbili, ukisugua kidogo kwa msasa namba 220 kila mpako unapokauka. Kisha funika uso wote kwa akriliki (rangi inayoyeyushwa kwa maji) nyepesi ya kijivu cha udongo. Vermeer pia alianza juu ya kijivu. Kwenye kanvasi nyeupe kila toni ya kwanza huonekana nyeusi, mkono unaogopa, na picha nzima inatoka imepauka. Rangi ya mafuta hukaa salama juu ya akriliki. Akriliki juu ya mafuta itabanduka.

Mchoro

Chukua plastiki angavu, ichoree miraba ya sentimita 5, uitandaze juu ya picha iliyochapishwa: safu 8 kwenda chini, 7 kwenda kando, miraba 56. Chora miraba hiyohiyo kwenye kanvasi kwa penseli hafifu. Weka picha na kanvasi bega kwa bega, zikiwa wima na chini ya mwanga uleule.

Anza kwa mkaa wa kuchorea na maumbo makubwa tu: kilemba pamoja na kichwa kama umbo moja, shingo, bega. Usiguse jicho. Weka kwanza mstari unaopita kwenye macho yote mawili na mstari wa mdomo, uone jinsi inavyoinama, maana kichwa hiki kimegeuka na kuinama kidogo. Anayeanza huinyoosha mistari hii bila kujua, kwa kuwa akili inajua macho yako sawasawa, na msichana anageuka picha ya kitambulisho.

Miraba peke yake haitoshi. Tumia timazi: uzi wenye kitu kizito mwishoni. Uning'inize kwenye picha kuanzia kona ya nje ya jicho la karibu na uangalie unapita wapi kwenye shavu na shingo; fanya hivyohivyo kwenye kanvasi. Rudia kutoka ncha ya pua, kutoka pembe ya mdomo. Kisha chora umbo la nafasi tupu: kipande cha usuli kati ya taya na bega. Nafasi tupu haina jina, na kitu kisicho na jina tunakichora jinsi kilivyo.

Pindua picha zote mbili kichwa chini, halafu zitazame kwenye kioo. Kosa ulilolizoea litajitokeza lenyewe. Ukiridhika, pangusa mkaa mpaka ubaki mzuka wa mchoro, urudie mistari kwa amba mbichi iliyoyeyushwa kwa spiriti, na ufute miraba. Hatua hii ichukue siku mbili kama inahitaji. Jicho lililokaa mahali pasipo pake halitibiwi na rangi nzuri.

Vermeer mwenyewe alirekebisha njiani. Uchunguzi ulioanza 2018, ambao matokeo yake Mauritshuis iliyatangaza 2020, ulionyesha kwamba alihamisha sikio, akabadilisha sehemu ya juu ya kilemba na mstari wa nyuma ya shingo.

Tabaka la toni

Kwenye kadi chora vyumba tisa: cha 1 nyeupe tupu, cha 9 giza kabisa, vya katikati ukichanganya amba mbichi na nyeupe kwa hatua zinazolingana. Toboa tundu dogo kwenye kadi nyingine ya kijivu. Ukiliweka tundu juu ya picha utaona rangi moja peke yake, nayo utailinganisha na ngazi yako. Hapa watu wengi hushtuka. Weupe wa jicho la msichana si nyeupe hata kidogo, ni kijivu. Upande wa kivuli wa shavu ni mweusi kuliko ulivyodhani, na mwanga unaorudi chini ya taya, ambao ulitaka kuung'arisha, ungali giza.

Saidia macho yako kwa kuyafinya nusu. Vitu vidogo hupotea, vinabaki vipande viwili: mwanga na kivuli. Paka kivuli chote, cha uso, cha shingo na cha kilemba, kama kipande kimoja kisichokatika, kwa amba mbichi na altramarini kidogo. Rangi iwe nyembamba, imeyeyushwa kwa spiriti bila mafuta. Upande wa mwanga weka toni mbili au tatu tu zenye nyeupe. Usitumie nyeusi ya pembe hapa: hukauka polepole sana, ilhali amba, kwa manganizi iliyo ndani yake, hukauka upesi, na tabaka la chini linalokauka baada ya la juu ndilo linalopasua picha. Kanuni ya wazee wa kazi ni konda chini, nono juu: kila tabaka liwe na mafuta mengi kidogo kuliko lililotangulia.

Piga picha kanvasi na picha asilia pamoja, uzigeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Zikiwa mbalimbali, usiendelee. Acha siku tatu.

Usuli

Kufuatana na uchunguzi uleule, Vermeer alitoka nyuma kuja mbele: usuli na ngozi kwanza, kisha koti la manjano, kola nyeupe, kilemba, na lulu mwisho. Fuata mpango huo.

Usuli unaoonekana leo kama giza tupu ulikuwa pazia la kijani lenye mikunjo. Aliweka giza chini na juu yake tabaka angavu la nili na manjano ya mmea, rangi ambazo zimebadilika kwa karne nyingi. Unaweza kunakili giza la leo kwa amba, altramarini na siena. Unaweza pia, na ndilo funzo zuri zaidi, kusubiri giza hilo likauke na kupaka juu yake altramarini na PY150 iliyolegezwa kwa mafuta, nyembamba kama chai, ukiipangusa kwa tambara. Kwa vyovyote, usuli unapokutana na shavu la mwanga ingiza rangi kidogo ndani ya mstari wa uso, ili ngozi iupande baadaye. Usuli ukiishia mstarini kabisa utaacha ufa wa kijivu unaokizunguka kichwa kama waya.

Ngozi

Changanya rangi zote kwa kisu kabla ya kushika brashi. Hizi ni nukta za kuanzia, si sheria. Zijaribu kwa kupaka kidogo kwenye pembe ya picha iliyochapishwa na kulinganisha.

Mwanga: nyeupe sehemu 8, oka 1, nyekundu ya kadimiamu robo. Kadimiamu ina nguvu, iongeze kwa ncha ya kisu.
Toni ya kati: chukua sehemu 3 za mwanga, ongeza amba mbichi 1 na altramarini kidogo sana, mpaka ipoe na kuelekea kijani cha kijivu.
Kivuli: amba mbichi 2, siena 1, oka 1, na nyeupe kidogo tu.
Wekundu wa shavu na midomo: mwanga pamoja na kadimiamu, kisha alizarini.

Toni ya kati iliyopoa ndiyo siri ya ngozi inayoishi. Kati ya mwanga wenye joto na kivuli chenye joto pana ukanda mwembamba uliopoa. Ukiuruka, uso unakuwa wa udongo wa kuchomwa.

Paka kwa vipande kama sakafu ya vigae: kila kipande toni yake, kikikutana na jirani bila kusuguliwa. Anza kwenye kivuli, panda kuelekea mwanga, na nyeupe zaidi iwe mwisho. Rangi ya mwanga iwe nzito, ya kivuli iwe nyembamba hata tabaka la chini lionekane kidogo. Uso wote ukishajaa, ndipo uchukue brashi pana iliyo kavu upitishe mara moja au mbili juu ya mipaka, ukiipangusa kila unapogusa. Mikono mingi hapa haijui kuacha, na kosa hilo huharibu nakala nyingi kuliko makosa mengine yote: kila kingo inasuguliwa mpaka uso unakuwa puto.

Zipitie kingo moja moja. Shavu la mbali dhidi ya usuli lina ukingo ulio wazi. Kivuli kinachopinda kwenye shavu la karibu hakina ukingo, kinayeyuka. Na mwanzi wa pua, upande wa mwanga, hauna mstari unaoutenga na shavu. Toni zimekaribiana mno, na jicho la mtazamaji ndilo linalokamilisha. Ukichora mstari hapo, hata mmoja hafifu, umeiondoa picha yenyewe.

Uso umalizike siku moja rangi zikiwa mbichi. Kisha acha siku saba. Kabla ya kurudi, paka mafuta ya kitani kidogo sana na uyapanguse mpaka ubaki unyevu tu; madoa yaliyofifia yatarudi kung'aa na utaona toni zako za kweli.

Macho na mdomo

Jicho ni tufe ndani ya shimo, na kope la juu linalitupia kivuli. Paka shimo, kisha tufe kwa kijivu chenye joto, kisha duara la rangi likiwa limekatwa na kope la juu. Mboni iungane na duara bila mpaka mkali. Nukta ya mwanga iwekwe mara moja kwa brashi namba 0, juu kushoto, nzito. Ikikosea, itoe kwa kitambaa safi na urudie, usiisukumesukume. Kope za nywele zilionekana kwa vifaa vya uchunguzi tu, kwa hiyo usiweke safu ya nywele usiyoiona.

Midomo imefunguka kidogo. Mstari wa katikati si kamba: mahali fulani ni giza, mahali pengine unapotea. Mdomo wa juu una toni nzito zaidi, wa chini unapokea mwanga. Pembe za mdomo zilainishe kwa kidole kilichokauka. Pembeni mwa mdomo pana nukta ndogo ya mwanga iliyojitokeza picha iliposafishwa mwaka 1994. Ndiyo inayoufanya mdomo uonekane umelowa, nayo huwekwa baada ya yote.

Koti, kola, kilemba

Koti ni oka, amba na nyeupe kwa mapigo mapana. Usilimalizie kama uso. Ulegevu wake unausukuma uso mbele. Kola ni mapigo machache mazito, nyeupe iliyotiwa kijivu kwenye kivuli.

Buluu ya kilemba ipakwe mara mbili. Kwanza toni tatu za altramarini na nyeupe: ya mwanga, ya kati, ya giza. Baada ya wiki, altramarini tupu iliyolegezwa kwa mafuta na spiriti sawa kwa sawa, ipite juu ya kati na kivuli, isiguse mwanga. Kina kinachotokea hapo hakipatikani kwa kuchanganya kwenye paleti. Kitambaa cha manjano kinachoning'inia nyuma ni oka na nyeupe, na PY35 kidogo kwenye mikunjo ya mwanga.

Lulu

Kinachoonekana kuwa tufe ni mapigo machache tu. Hakuna kulabu, na upande wa kivuli hauna mzingo kamili. Shingo yenye kivuli iwe imekauka. Pitisha kijivu chembamba kinachoacha ngozi ionekane chini yake. Chini ya lulu weka mwanga laini unaorudi kutoka kwenye kola, ukingo wake umefifia. Juu kushoto weka tone la nyeupe nzito, pigo moja, brashi ikishuka na kuinuka. Ukilichora duara kwanza utapata gololi.

Yanayoharibika, na chanzo chake

Uso ukiwa kama umepakwa chaki, umetafuta mwanga kwa nyeupe tu. Irudishe kwa oka na kadimiamu, au ongeza giza la jirani badala ya kuongeza mwanga. Rangi zikigeuka matope, brashi ni chafu au umechanganya rangi nyingi mno. Tenga brashi za mwanga na za kivuli, zisikutane. Uso wa rangi ukikunjamana kama maziwa yaliyoganda, mafuta yamezidi. Ukipasuka, tabaka la juu lilikauka kabla ya la chini. Taya likionekana limevimba ingawa vipimo ni sahihi, angalia mwanga unaorudi chini yake: karibu siku zote umeung'arisha kupita kiasi. Rangi ya kadimiamu isisuguliwe kwa msasa ikiwa kavu, vumbi lake si la kuvuta.

Vanishi subiri miezi sita hadi kumi na mbili. Nyuma ya kanvasi andika "Nakala, kutoka kwa Johannes Vermeer", jina lako na tarehe. Halafu mweke mtu mbele yako, dirisha moja likiwa kushoto kwako, usuli wa giza nyuma yake, paleti hiyohiyo, kanvasi ya 40 kwa 35, na uanze tena kwenye mkaa.